"Minister": Mtumishi wa Nani?

Kila waziri anapolaumiwa kwa majivuno, hujitokeza msomi wa kutukumbusha kwamba neno la Kiingereza "minister" asili yake ni "mtumishi". Ni kweli. Ila naona ukumbusho huo unaishia njiani, kwa kuwa hautuambii mtumishi huyo alikuwa wa nani.

Kilatini kilikuwa na maneno mawili yaliyotazamana. "Magister", kutokana na "magis", yaani "zaidi", ni aliye juu: bwana, msimamizi, mwalimu. "Minister", kutokana na "minus", yaani "pungufu", ni aliye chini: mhudumu, pengine yule amiminaye divai mezani. Neno hili la pili liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, likagawanyika. Kanisani likawa mchungaji. Katika diplomasia likawa cheo cha mjumbe. Na kama kitenzi likabaki na upole wake wa kale, yaani kumhudumia mgonjwa au mhitaji.

Katika siasa, "minister" alikuwa mtumishi wa mfalme. Wananchi hawakuwamo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana Robert Walpole, aliyeshika Hazina ya Uingereza kuanzia 1721 hadi 1742, alipoitwa "prime minister" alitukanwa: maana yake ilikuwa kwamba amejipenyeza kwa mfalme na kuwafunika watumishi wenzake. Mwaka 1741 alikana Bungeni kuwa na cheo hicho. Tusi lile lilitambuliwa rasmi katika itifaki ya Uingereza mwaka 1905 tu!

Sisi hatukulitohoa neno lao. Tulikuwa na "waziri" wa Kiarabu, ambaye wanaisimu wengi humhusisha na "wizr", yaani mzigo. Katika Kurani, sura ya Taha, Musa anamwomba Mungu ampe waziri kutoka jamaa zake, nduguye Haruni. Huyu naye ni mbeba mzigo wa mwenziwe.

Basi swali ni lilelile kwa lugha zote mbili. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 55, inampa Rais uteuzi wa mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge. Ibara ya 53 inawataka wawajibike kwa pamoja Bungeni. Mabwana ni wawili, lakini waziri hulala na simu karibu kwa kumhofu yule mmoja ambaye taarifa yake ya aya moja yatosha kumwondoa.