Nasaba ya Kisu cha Kale Milimani Usambara

Kisu cha kale kinapotolewa darini katika nyumba ya Kisambaa, iwe Vuga au Mlalo, aghalabu hutolewa pamoja na hadithi yake, na hadithi hiyo mara nyingi humfikia Simba Mwene mwenyewe, Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyefariki mwaka 1862; na lau visu vyote vinavyonasibishwa naye vingekuwa vyake kweli, ghala yake ya silaha ingalimshinda Sultani wa Unguja. Mwenye kutaka hakika hana budi kuiacha hadithi ipite kwanza, kisha akiulize kisu chenyewe.

Wajapani, ambao elimu yao ya kupima visu vya kale viitwavyo tanto imefika upeo, hawaanzi na mpini wala ala, kwa maana hivyo hubadilishwa kila zama. Huung'oa mpini wakautazama msuka, ambapo mhunzi huenda alichora jina lake, na ambapo kutu nyeusi iliyoiva kwa karne nyingi huachwa pasi na kuguswa, kwa kuwa rangi yake ni shahada ya umri. Wahunzi wetu hawakuandika majina, lakini msuka wao nao hunena.

Chukua sime. Iliyofuliwa kwa chuma cha Upareni, ambako Washana wa Ugweno walikuwa maarufu kwa uhunzi tangu zamani sana, haina unene mmoja. Karibu na msuka, mahali ambapo hakuna aliyejali kupalainisha, huonekana makovu ya nyundo, na ukilielekeza bapa kwenye mwanga wa dirisha utaona vijistari vyeusi vikifuata urefu wake, ndiyo mavi ya chuma yaliyobaki ndani, kwa sababu tanuri ya udongo na mivukuto ya ngozi haikuyatoa yote. Sime iliyofuliwa kwa springi ya gari, hata ikivikwa ala ya ngozi kuukuu, ina unene sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, na hapana haja ya kubishana juu yake, maana enzi za Kimweri gari halikuwako.

Jambia ni mgeni aliyepanda kutoka pwani kwa njia ya biashara ya Pangani, ile iliyomtajirisha Semboja, mwana wa Kimweri, pale Mazinde. Fedha ya ala yake huwahadaa wengi, ilhali mfua fedha aliweza kulivika bapa hafifu mavazi ya kifalme. Ama singe ya Kijerumani hujishuhudia yenyewe: mhuri wa kiwanda, mathalan cha Solingen, na juu ya mgongo wa bapa taji na herufi W, ya jina lile lile la Kaisari Wilhelm ambalo Wajerumani waliupa mji wa Lushoto walipouita Wilhelmstal, jina lililodumu hata Waingereza walipouteka mwaka 1916.

Laiti Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Vuga pamoja na mwenzake Speke mwaka 1857 akamkuta Kimweri mzee, na ambaye mwaka 1884 alichapisha kitabu kizima juu ya historia ya upanga, angalikawia kuzichunguza silaha za mlimani! Kwa rai yangu, sime moja ya Upareni isiyo na pambo ina thamani ya ilimu kupita jambia kumi za fedha, ingawa sokoni hesabu ni kinyume.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kila kitu kilichofanyizwa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, wala hairuhusu kukitoa nje ya nchi pasi na kibali. Kwa hivyo kisu cha kweli cha zama za Kimweri kimo ndani ya mpaka huo, na aliye nacho asikisugue kwa msasa, wala asikiuze kwa mpita njia, kabla hajakionyesha Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.