Kupona machoni, kupona kwenye damu

Leo naweka pembeni saikolojia ya elimu. Mbinga kwetu, kama kwingine, mtu akipata nafuu anataka kuacha dawa. Kwenye lukemia, saratani ya damu, hapo pana mtego.

Mwaka 1845 Bennett wa Edinburgh na Virchow wa Berlin walieleza damu iliyojaa chembe nyeupe. Zaidi ya miaka 100 ikapita, kipimo kikubwa ni kuhesabu chembe tu. Mwaka 1960, Nowell na Hungerford kule Philadelphia wakaona kromosomu fupi kuliko kawaida katika aina moja ya lukemia sugu. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Hapo ndipo inapozaliwa jeni mbovu, BCR-ABL. Vidonge vya imatinibu, vilivyoidhinishwa Marekani 2001, vinazuia kazi yake.

Sasa jamani, chembe zinaweza kurudi sawa mapema tu, huku kipimo cha PCR bado kinaikuta BCR-ABL. Ndiyo maana mwanzoni hupimwa kila miezi mitatu. Kutoka Mbamba Bay hadi Ocean Road, Dar, ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukimwona ndugu mwenye lukemia hiyo anapanda basi akiwa mzima kabisa, usimwambie anapoteza nauli. Mchangie.