Shule ya Soka ya Canberra

Mpango wa taifa wa kulea vijana wa soka nchini Australia ulitokana na machungu ya michezo mingine. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 nchi hiyo haikupata hata medali moja ya dhahabu, na lawama zikaielemea serikali. Jibu likawa Taasisi ya Michezo ya Australia, iliyofunguliwa mjini Canberra na Waziri Mkuu Malcolm Fraser tarehe 26 Januari 1981. Soka ilikuwa miongoni mwa michezo minane ya mwanzo, na kocha wake wa kwanza alikuwa Jimmy Shoulder, Mwingereza aliyewahi kuinoa timu ya taifa.

Vijana walichaguliwa kutoka majimbo mbalimbali, wakalala bwenini kwa gharama ya serikali, wakaendelea na masomo ya sekondari na kufanya mazoezi kila siku. Kwa Australia ya wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Ligi ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 1977 tu, na wachezaji wake wengi walikuwa na ajira nyingine. Walifika uwanjani jioni, baada ya kazi.

Soka yenyewe ilionekana kuwa mchezo wa wageni. Wakroatia, Waitalia na Wagiriki waliohamia huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliunda vilabu vyao, na vingi vilibeba majina ya makwao. Mark Viduka alikulia Melbourne Croatia, Ned Zelic akatokea Sydney Croatia. Canberra iliwakutanisha wana wa jamii hizo, ambao kwenye ligi walikuwa mahasimu, wakavaa jezi moja. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko mbinu zozote za uwanjani.

Matunda yalionekana kwanza kwa vijana: Australia ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 mwaka 1991 na tena 1993. Timu ya wakubwa ilichelewa. Katika kufuzu Kombe la Dunia ilikwamishwa na Iran mwaka 1997, kisha Uruguay mwaka 2001. Novemba 2005 ikalipiza kwa Uruguay mjini Sydney kwa mikwaju ya penalti, na mwaka uliofuata ikacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974. Nahodha Viduka, Lucas Neill, Craig Moore, Brett Emerton, Mark Bresciano na Vince Grella wote walipitia Canberra. Italia iliwatoa katika hatua ya 16 bora kwa penalti ya dakika za mwisho.

Katika mashindano hayohayo, beki Josip Šimunić, mzaliwa wa Canberra aliyefunzwa na taasisi hiyohiyo, aliichezea Croatia dhidi ya Australia mjini Stuttgart. Wapo waliolalamikia fedha za walipa kodi zilizotumika kumfunza. Lakini ufadhili wa masomo haumnunui kijana, na serikali iliyofungua milango kwa watoto wa wahamiaji ilipaswa kulitarajia hilo.

Mwaka 2012 sera mpya ya michezo iliamua kuyakabidhi mashirikisho uendeshaji wa mipango kama hiyo. Shirikisho la soka liliiendesha shule ya Canberra kwa miaka michache, likaifunga mwaka 2017, na malezi ya vijana yakahamia kwenye akademia za vilabu vya A-League, ligi kuu ya Australia.