Mshale wa Dar, sikio la Sumbawanga

Wadau, leo tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwenye redio kaseti za zamani bila kujiuliza kazi yake: kile kidirisha chenye mshale unaochezacheza muziki ukipigwa. Nyumbani kilikuwa pambo tu. Studioni ilikuwa habari nyingine kabisa. Mshale ule ulichangia kuamua kama mzee aliyekaa Izia, hapa Sumbawanga, atasikia taarifa ya habari au atasikia mikwaruzo mitupu.

Tuanze na umbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, enzi za mkoloni. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazazi wetu. Kutoka Dar hadi Sumbawanga kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000, na mawimbi ya FM hayaruki umbali huo. Watu wa mikoani walitegemea masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa mafupi yanapanda, yanagonga tabaka la juu la anga, kisha yanarudi ardhini mbali sana. Yanafika, lakini yanakuja na radi, mivumo, na sauti inayopanda na kuzama.

Sasa, kwenye matangazo ya aina hii sauti inabebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi lenyewe. Fundi mitambo akipeleka sauti ndogo, wimbi linafika Ufipa vizuri tu, ila maneno yaliyobebwa ni membamba na mikwaruzo inayafunika. Akipeleka sauti kubwa kupita kiasi, wimbi linakatika, msomaji wa habari anakoroma, na uchafu unamwagikia stesheni ya jirani. Masikio yake hayamsaidii hapo, kwa sababu spika ya studio ina kitufe chake. Anaweza kuiongeza akadhani nchi nzima inasikia, kumbe anasikia yeye peke yake. Ndiyo maana anahitaji kipimo.

Kipimo chenyewe kilitoka kwenye simu. Miaka ya 1920 wahandisi wa maabara za Bell kule Marekani walitaka kujua sauti inapungua kiasi gani waya ukirefuka. Wakapata desibeli, jina lililotokana na Alexander Graham Bell. Desibeli ni kipimo cha kulinganisha. Ongeza desibeli 3, nguvu ya umeme imekuwa karibu mara 2. Ongeza 10, imekuwa mara 10.

Hapo ndipo dunia ikagawanyika. BBC, mwalimu wa stesheni nyingi za makoloni ya Waingereza, ilitengeneza miaka ya 1930 mita ya vilele, maarufu kama PPM. Uso wake mweusi, namba nyeupe kuanzia 1 hadi 7. Mshale unaruka haraka sana sauti inapopanda, kisha unashuka polepole, zaidi ya sekunde 2 kutoka juu hadi chini, ili jicho la fundi liwahi kuona. Sheria ilikuwa rahisi: usivuke 6.

Wamarekani wakaenda njia yao. Mwaka 1939 CBS, NBC na maabara za Bell walikubaliana juu ya mita ya VU. Uso wake una rangi ya maziwa iliyochaguliwa ili isichoshe macho, na kuanzia 0 kwenda juu pamepigwa rangi nyekundu. Mshale wake ni mzito kwa makusudi. Unahitaji karibu milisekunde 300 kufika sauti ilipo. Kwa hiyo hauonyeshi kila kilele. Unaonyesha wastani, kitu kilicho karibu zaidi na jinsi sikio la binadamu linavyosikia.

Chukua mfano wa ngoma. Mkono unagonga, mlio unapasuka na kwisha mara moja. PPM inauona mlio ule na kuruka. VU ndiyo kwanza inaanza kunyanyuka, na mlio umeshapita. Kilele halisi kinaweza kuwa desibeli 10 au zaidi juu ya pale mshale wa VU ulipofika. Ukiweka mtangazaji mwenye sauti nzito baada ya ngoma hiyo, VU itasema yeye ndiye mkubwa, na PPM itasema ngoma.

Ipi kweli? Zote mbili. PPM ilijengwa kuulinda mtambo, na swali lake ni kama kuna kitu kitakatika au kuungua. VU ilijengwa ikimfikiria msikilizaji, na swali lake ni mtu atasikia kwa ukubwa gani. Mita haitoi jibu la swali ambalo haikutengenezewa.

Na haya hayakuwa mambo ya mafundi peke yao. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walijiunga na vikundi, wakakaa kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili vyoo, maji na malaria. Wakati huo Sumbawanga ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, maana Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974. Hebu fikiria kikundi cha kijijini chenye redio moja na betri zinazokaribia kwisha. Sauti ikitoka Dar ikiwa nyembamba, somo la wiki limepotea. Hakukuwa na kurudia kusikiliza kwenye simu.

Baadaye ikaja dijitali. Kwenye tepu, sauti ikizidi kidogo inachafuka taratibu, na fundi mzoefu alijua kuishi na hilo. Kwenye kompyuta kuna dari moja inayoitwa 0, na juu yake hakuna kitu. Kinachozidi kinakatwa kama kwa panga, na hakirudi. Wakati huohuo stesheni na watengeneza muziki wakagundua ujanja: kandamiza vilele, pandisha vilivyobaki, uonekane una sauti kubwa kuliko mwenzako. Mita za vilele hazikuona kosa lolote, kwa kuwa dari halijavukwa. Sikio ndilo lililochoka. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, likatoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kama binadamu anavyousikia, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakakubaliana kipindi kizima kiwe na wastani wa -23 kwenye kipimo hicho, LUFS. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kwa mita kurudi rasmi kwa msikilizaji.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu ya tepu za RTD. Bendi zetu, hotuba, michezo ya redio na ngoma za mikoani vimo humo, na tangu miaka ya 2010 kumekuwa na juhudi za kuvihamishia kwenye kompyuta. Tepu inazeeka, na nyingine ikishapigwa mara moja haitaweza kupigwa tena. Kwa hiyo anayehamisha akitazama mita ya wastani tu, ngoma itagonga dari na kukatwa. Akitaka kumfurahisha msikilizaji wa leo kwa kukandamiza kila kitu, mzee aliyekuwa akinong'ona na ngoma iliyokuwa ikilia watakuwa na ukubwa mmoja. Nakala hiyo ndiyo watakayorithi wajukuu.

Jambo hilo linatuhusu hata sisi tunaorekodi bibi na babu zetu wa Kifipa kwa simu. Simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Bibi akinyamaza kufikiri, simu inapandisha upepo na kuku. Tafuta programu yenye mita na inayokuruhusu kuzima tabia hiyo. Acha vilele vyake vicheze kati ya -12 na -6. Hifadhi nakala ghafi bila kuigusa, halafu nakala ya kusambaza ndiyo uipandishe upendavyo.

Na ukiona mshale unacheza, jiulize kwanza unamjali nani: mtambo, jirani unayeshindana naye, au mtu wa mwisho kabisa mwenye redio ndogo na betri zilizochoka?

Tuko pamoja.