Alama za Vidole

Tazama, msomaji, ncha ya kidole gumba chako. Utaona mistari myembamba iliyopindana kama mchanga uliopitiwa na mawimbi. Umezaliwa nayo, na utazeeka nayo. Hata ndugu yako pacha hana iliyo sawa nayo. Jambo hilo dogo ndilo lililobadili kazi ya polisi ulimwenguni.

Mwaka 1858, huko Bengal katika Bara Hindi, mtawala Mwingereza, William Herschel, alipatana na mtu mmoja amletee vifaa vya kujengea barabara. Akamtaka apige chapa ya kiganja chake nyuma ya mkataba, asije akaukana. Mwaka 1892, huko Argentina, mama mmoja aliwaua watoto wake wawili akamsingizia mtu mwingine. Alama ya kidole chenye damu iliyoonekana mlangoni ikamfichua, naye akakiri. Asiye na hatia akaokoka.

Lakini kuwa na alama si kuweza kuzitafuta. Fikiri karatasi elfu nyingi zimerundikwa: utaipataje moja uitakayo? Shida hiyo iliondolewa Calcutta, ambako ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa mwaka 1897. Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walisaidia kubuni hesabu iliyozigawa alama za vidole kumi katika mafungu 1,024, kila fungu na kijumba chake kabatini. Hata hivyo utaratibu huo uliitwa kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry, naye akaupeleka London mwaka 1901. Ndivyo ilivyo mara nyingi: alimaye siye avunaye.

Elimu hiyo ilipofika Kenya, haikuja kumtafuta mwuaji. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika waliotimiza miaka 16 wachukue kipande chenye alama za vidole, nao wakakining'iniza shingoni katika kikopo cha bati. Aliyetoroka kazi ya mlowezi alitafutwa kwa alama hizo hizo. Kisha mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo Wazungu wengi walikataa kutoa alama zao, wakidai kwamba hayo ni mambo ya wahalifu. Je, Mwafrika aliyezitoa kwa miaka mingi alihesabiwa nani?

Siku hizi kompyuta hufanya kwa dakika chache kazi iliyochukua siku nyingi. Hata hivyo haikosi kupoteza watu njia. Mwaka 2004, baada ya mabomu kulipuliwa katika treni za Madrid, wapelelezi wa Marekani walimkamata wakili mmoja wa nchi yao, wakishikilia kuwa alama iliyopatikana ni yake. Polisi wa Hispania wakaonyesha kuwa ni ya mtu mwingine kabisa, naye akaachiliwa. Mashine ilikuwa imetoa alama zinazofanana tu. Walioamua ni watu, nao waliamua kwa haraka.

Basi, utakapotimiza miaka 18 na kutoa alama zako upate kitambulisho, kumbuka habari hizi. Chombo hakijui haki wala dhuluma. Hutii mkono ukishikao. Na mkono huo, katika nchi iliyo huru, hauna budi kuangaliwa na raia wote.