Kengele ya Usiku na Moto wa Jioni

Huku Mavivi, kando ya barabara iendayo Oicha, wazazi wengi huulizana: je, vijana wetu wazuiwe kwa amri wasitembee usiku? Kabla ya kujibu, yatupasa kutazama nyuma, maana jambo hili si geni.

Neno couvre-feu, tulilolipokea kwa Wabeljiji, maana yake ni «funika moto». Zamani, katika miji ya Ulaya, nyumba nyingi zilijengwa kwa miti na nyasi. Jioni kengele ililia, na kila mtu akafunika moto wake, mji usije ukateketea. Basi amri hiyo ilizaliwa kwa ajili ya kulinda watu.

Ilipofika kwetu ilikuwa na sura nyingine. Wakati wa Kongo ya Wabeljiji, mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea katika mitaa ya Wazungu tangu saa tatu ya usiku hadi alfajiri, asipokuwa na ruhusa. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alitendewa kama mtoto mtundu. Amri haikumlinda, ilimtenga.

Na mababu zetu Wanande, je? Wao walikuwa na ekyaghanda, nyumba ya wanaume yenye moto katikati. Baada ya kazi ya shamba wavulana walikaa hapo pamoja na baba na babu zao, wakisikia habari za ukoo, mashauri na methali. Hakuna askari aliyewarudisha nyumbani. Moto uliwaita.

Tutazame na Marekani. Mwaka 1880 mji wa Omaha uliwakataza watoto kutembea usiku, na miji mingi ikaufuata. Mwaka 2016 wataalamu walipima pamoja uchunguzi 12 juu ya amri za namna hiyo, wasione ushahidi kwamba zinapunguza uhalifu. Tusishangae. Amri yaweza kumwondoa mtoto njiani, lakini haimpi mlezi.

Lakini mtu wa Mavivi atajibu: «Kwetu si habari ya utundu, ni habari ya kufa.» Ni kweli. Tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wameuawa katika nchi ya Beni, mara nyingi usiku, na waasi wa ADF ndio wanaoshtakiwa zaidi. Usiku wa kuamkia Jumapili, 27 Julai 2025, waamini walikuwa wakikesha kanisani Komanda, katika Ituri, na vijana walikuwamo. Wauaji wakawaingilia. Watu zaidi ya 40 walikufa, hata watoto. Hao hawakuwa katika ulevi, walikuwa katika sala. Usiku wa vita haupimi mwema na mbaya. Hata askari, gizani, hawezi kujua yupi ni mwana wa jirani na yupi ni mwuaji.

Kwa hiyo twasema: wakati wa hatari amri ya usiku ni ya haki, nasi tuitii. Lakini iwe kama ile kengele ya kwanza, ya kulinda, isiwe ya kudharau. Kijana aliyechelewa asipigwe wala asitozwe fedha, bali arudishwe kwa wazazi wake. Iwahusu wakubwa kama wadogo, maana baba arudiye saa nne kutoka kwenye pombe hana uso wa kumkaripia mwanawe. Na hatari ikiisha, amri nayo iishe. Tena wenye silaha wasidhani wametimiza kazi kwa kufunga barabara tu, kwa sababu wauaji huingia hata nyumbani.

Nasi wazazi tujiulize: kijana akirudi saa kumi na mbili, atakuta nini? Katika nyumba nyingi moto wa ekyaghanda umezimika. Familia zimekimbia vijiji vyao, na baba wengine wameuawa. Mtoto hukuta giza, na kila mtu kimya. Hapo atatafuta dirisha la kutokea.

Basi mwenye baba akae naye jioni, na asiye naye aitwe kwa jirani. Azungumze, aulize, asikilizwe. Watu wa kale wa Ulaya waliposikia kengele walifunika moto wao. Sisi tukiisikia, tuwashe wetu.