Amplifaya ya Zamani Inavuma? Isikilize Kabla ya Kuifungua

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini riziki yangu iko huku Tongaren, kati ya Kitale na Bungoma, ambako natengeneza vyombo vya sauti. Chombo ninachoulizwa sana, na watu wa huku na wa nyumbani Mombasa, ni amplifaya ya gitaa ya valvu, ile yenye taa za kioo ndani. Lalamiko ni lile lile: inavuma. Wengine wameshauriwa waipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wengine wameambiwa wakate waya wa ethi. Ushauri wa kwanza ni hasara. Wa pili unaua.

Tambua mvumo wako

Umeme wa Kenya ni volti 240 na hutetema mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo wa amplifaya huwa wa 50 au wa 100. Maelezo ya Marekani hutaja 60 na 120 kwa sababu umeme wao ni tofauti.

Gitaa lako ndilo kipimo. Bonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene kabisa, uliofungwa sawasawa, kisha upige. Sauti hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde, karibu sawa na 100. Mvumo ukilingana nayo, shuku kapasita za kuchuja umeme. Ukiwa chini yake kwa oktavu moja, shuku ethi, waya wa gitaa au umeme unaowasha valvu.

Majaribio matatu bila lehemu

1. Chomoa waya wa gitaa. Mvumo ukiisha, amplifaya ni nzima. Kasoro iko kwenye waya, kwenye gitaa au mahali ulipokaa. Gitaa lenye pikapu za koili moja hunasa mvumo wa transfoma na taa za tyubu. Geuka upande mwingine usikie kama unapungua.

2. Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo usipobadilika, tatizo liko nyuma ya kitufe hicho: kwenye mfumo wa umeme au valvu kubwa za mwisho. Ukipungua, liko kwenye valvu ndogo za mwanzo, kama ECC83.

3. Zima, subiri ipoe, toa valvu ndogo moja, kisha washa usikilize. Anza na iliyo karibu na tundu la gitaa. Ile ambayo ikitoka mvumo unakoma, ibadilishe kwanza. Kama zote zimetoka na mvumo ungalipo, rudi kwenye kapasita, au valvu kubwa ambazo hazilingani tena.

Kazi ya fundi

Kapasita za zamani hukauka ndani, hasa chombo kikikaa miaka mingi bila kuwashwa. Mpya ziwe na volti sawa au zaidi ya zile za kwanza, na ujazo usizidi sana, maana valvu ya kugeuza umeme huelemewa. Kwa mvumo wa 50, fundi atazame nyaya za volti 6.3 zinazowasha valvu: zisokotwe pamoja na zikae mbali na nyaya za sauti.

Usifungue mwenyewe kama hujafunzwa. Kapasita hushika volti 300 hadi 500 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huumwaga umeme huo kupitia rezista, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Ethi haikatwi

Ni kweli, pini ya ethi ikitolewa mvumo mara nyingine hunyamaza, hasa vyombo viwili vinapounganishwa. Lakini siku waya wa moto ukigusa bodi, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa ni wewe: mkono mmoja kwenye nyuzi, mdomo kwenye maikrofoni. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea, Wales, mwezi Mei 1972, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi.

Huku harusi na matanga hupigiwa muziki uani kwa ekstensheni ndefu, nyasi zikiwa na umande. Pwani ni jasho na sakafu yenye maji. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja yenye ethi. Mvumo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Amplifaya ya pini mbili ifungiwe waya wa pini tatu.

Nyongeza kwa Pwani: chumvi ya bahari hula matundu ya plagi na soketi za valvu. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia swichi kabla ya kununua chochote.

Ukienda kwa fundi, mwambie mvumo ni wa 50 au 100, kama unafuata kitufe cha sauti, na ulikoma ulipotoa valvu ipi. Hatakuwa na sababu ya kukubadilishia, wala kukulipisha, kisichoharibika.